Kilomita 875 kati ya Karachi na Bombay

Kwa karibu miaka tisini, mji wa Karachi ulitawaliwa kutoka Bombay. Waingereza waliiteka Sindh mwaka 1843, na mwaka 1847 wakaiunganisha na Jimbo la Bombay. Ikabaki humo hadi tarehe 1 Aprili 1936. Gavana wa mji mmoja ndiye aliyekuwa gavana wa mji wa pili. Wafanyabiashara wa Kikhoja, Kimemoni, Kiparsi na Kihindu walikuwa na duka huku na ghala kule, wakaoza mabinti zao huko na kuleta wakwe kutoka huko. Muhammad Ali Jinnah alizaliwa Karachi mwaka 1876, akapata jina kama wakili Bombay na kujenga jumba lake kwenye kilima cha Malabar. Aga Khan wa Tatu, ambaye Waismaili wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam walimfuata kama imamu wao, naye alizaliwa Karachi, mwaka 1877, na makao yake makuu yakawa Bombay kwa miaka mingi.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka kiwanja cha ndege cha Karachi hadi cha Bombay, ambayo tangu 1995 inaitwa rasmi Mumbai, ni kilomita 875 hivi. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege. Ndege ya kisasa inaumaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu au zaidi kidogo. Lakini leo hakuna ndege ya abiria inayofanya safari hiyo moja kwa moja. Anayetoka Karachi kwenda Mumbai hupanda ndege kwanza kuelekea magharibi, akimpa mgongo anayemwendea. Anatua Dubai au mji mwingine wa Ghuba, anasubiri, kisha anarudi mashariki juu ya Bahari ya Arabuni. Kwa njia ya Dubai anakuwa amesafiri zaidi ya kilomita 3,100. Hewani peke yake ni saa tano, na ukiongeza kusubiri, ni nadra kufika chini ya saa saba au nane.

Saa saba na robo ndizo alizotumia J. R. D. Tata mwaka 1932, akiwa peke yake katika ndege ya injini moja iliyoruka kilomita 160 kwa saa. Jinsi muda huo ulivyopungua, kisha ukarudi ulipokuwa, ni historia inayostahili kusimuliwa taratibu.

Kabla ya ndege, nchi kavu yenyewe ilikuwa kikwazo. Kati ya Sindh na Gujarat limelala Rann la Kutch, tambarare kubwa ya chumvi ambayo mvua za kusi huigeuza kuwa ziwa la kina kifupi, na kaskazini yake ni jangwa la Thar. Reli haikuweza kufuata pwani. Treni ilizunguka kupitia Hyderabad ya Sindh, ikakata jangwa kuelekea upande wa Jodhpur, ndipo ikateremka kusini hadi Ahmedabad na Bombay. Kwa sababu hiyo watu wengi walipendelea bahari. Majahazi ya Kutch na Kathiawar yalikuwa yakipita kati ya bandari hizi tangu zamani, na manahodha wake, wa Mandvi na Porbandar, ni walewale waliofika Unguja na Lamu kwa upepo wa kaskazi. Hata baada ya Vita Kuu ya Pili, meli za kampuni ya British India zilizoleta abiria Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kama vile Karanja na Kampala, zilitoka Bombay na kupitia Karachi kabla ya kukata bahari kuja kwetu. Wazee wengi wenye asili ya Kihindi katika pwani yetu waliiona miji hii miwili kama vituo viwili vya safari moja.

Ndege ilipoingia, Karachi ndiyo iliyotangulia. Tarehe 30 Machi 1929 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya barua na abiria kutoka London hadi Karachi kupitia Misri, Iraki na Ghuba. Safari ilichukua wiki nzima, na sehemu ya Ulaya abiria walivushwa kwa treni. Kwa ndege inayotoka magharibi, Karachi ndiyo iliyokuwa lango la India, mji wa kwanza mkubwa wenye bandari, reli na ardhi kavu isiyosumbuliwa sana na mvua. Waingereza waliuamini mji huo kiasi cha kujenga hapo banda kubwa mno la kupokelea puto la kusafiria lililoitwa R101. Puto hilo halikufika. Lilianguka na kuungua karibu na Beauvais, Ufaransa, tarehe 5 Oktoba 1930, likiwa njiani kwenda Karachi, na banda likabaki miaka mingi likiwa tupu kando ya uwanja.

Oktoba 1932 njia ya Imperial Airways ilihamishwa kutoka upande wa Uajemi kwenda upande wa Waarabu. Ndege zikaanza kutua Bahrain na Sharjah, ambako ilijengwa nyumba ya wageni yenye kuta za ngome katikati ya mchanga. Kutoka Sharjah zilivuka hadi Gwadar kisha Karachi. Gwadar wakati huo haikuwa ya Uingereza wala ya India. Ilikuwa mali ya Sultani wa Maskati, wa ukoo uleule wa Busaidi uliotawala Zanzibar, na ilibaki chini ya Oman hadi 1958 ilipouzwa kwa Pakistan. Kwa hiyo barua ya London kwenda Bombay ilitua kwenye ardhi ya Omani kabla haijagusa India.

Tatizo lilikuwa kwamba barua hiyo ilipofika Karachi, mwendo wake wa ndege uliishia hapo kwa mtu wa Bombay. Iliteremshwa na kupakiwa treni. Hapo ndipo walipoingia watu wawili. Wa kwanza ni Nevill Vintcent, rubani wa zamani wa jeshi la anga la Uingereza, aliyezunguka India akirusha watu kwa maonyesho na kutambua kwamba nchi kubwa kama ile ilihitaji barua za ndege. Wa pili ni Jehangir Ratanji Dadabhoy Tata, aliyezaliwa Paris mwaka 1904 na mama Mfaransa na baba Mparsi. Februari 1929 Tata alipewa leseni ya urubani namba 1 katika India nzima. Mwaka uliofuata alijaribu kushinda zawadi ya pauni 500 iliyotolewa na Aga Khan kwa Mhindi wa kwanza kuruka peke yake kati ya India na Uingereza. Tata aliondoka Karachi kwenda London, na mshindani wake, kijana Aspy Engineer, akatoka upande wa pili. Walikutana Aboukir nchini Misri, na Tata akampa kijana yule plagi za injini alizokuwa amepungukiwa. Aspy ndiye aliyeshinda, kwa tofauti ya saa chache. Miaka thelathini baadaye akawa mkuu wa jeshi la anga la India. Namsifu Tata kwa plagi zile zaidi ninavyomsifu kwa leseni yake.

Vintcent na Tata walipeleka maombi serikalini tangu 1929. Hawakuomba ruzuku nono, waliomba kubeba barua na kulipwa kwa uzito wake. Serikali iliwazungusha miaka mitatu, na mkataba ukatiwa saini mwaka 1932. Kampuni yao ilikuwa na ndege mbili ndogo aina ya Puss Moth, marubani wachache na kibanda cha makuti Juhu, kwenye tambarare ya tope kando ya bahari kaskazini mwa Bombay. Mvua za kusi zilipoanza, haikuwezekana kutua Juhu, na kazi ililazimika kuhamia Poona.

Tarehe 15 Oktoba 1932, saa 12:35 asubuhi, Tata aliruka kutoka uwanja wa Drigh Road, Karachi. Alikuwa peke yake, na nyuma yake kulikuwa na barua za kilo 25 hivi. Puss Moth haikuwa na redio ya kuongozea wala kifaa chochote cha kumsaidia gizani. Rubani alisoma nchi iliyo chini yake: pwani, mito, reli, weupe wa chumvi ya Rann. Hakuweza kwenda moja kwa moja, kwa sababu matangi ya mafuta yasingemfikisha salama, basi akapinda mashariki hadi Ahmedabad, kilomita karibu 590. Hapo mafuta ya Burmah Shell yalikuwa yakimsubiri katika madebe, nayo yaliletwa kwa mkokoteni uliovutwa na ng'ombe. Wakajaza kwa mkono. Kisha akaelekea kusini, kilomita nyingine 440, na saa 7:50 mchana akatua Juhu. Vintcent alizipokea barua zilizobaki, akaziendeleza kwa ndege ya pili hadi Bellary, na kesho yake Madras.

Fikiria huo mwendo. Saa saba na robo, pamoja na mzunguko wa Ahmedabad na madebe yaliyomiminwa moja baada ya jingine. Katika mwaka wa kwanza kampuni hiyo ilibeba karibu tani kumi za barua na abiria 155, wengi wao wakikaa kwa kubanana na magunia. Faida ilikuwa rupia 60,000. Kutokana na ndege hizo mbili kulizaliwa shirika la Air India, ambalo lilianza kwenda London mwaka 1948 na Januari 1950 likaanza safari za Bombay hadi Nairobi. Vintcent hakuyaona hayo. Ndege aliyosafiria ilipotea karibu na pwani ya Ufaransa Januari 1942, wakati wa vita.

Kutoka hapo teknolojia ilifanya kazi yake bila kelele. Ndege za Dakota, zilizojaa sokoni baada ya vita kwa bei ya chini, zilikwenda karibu mara mbili ya mwendo wa Puss Moth na hazikuhitaji kutua Ahmedabad. Safari ikawa saa tatu. Miaka ya 1950 zilikuja Viscount, na safari ikawa saa mbili au pungufu. Kisha zikaja jeti. Lau habari yetu ingekuwa ya injini peke yake, ingeishia hapa.

Tarehe 7 Agosti 1947 Jinnah alipanda Dakota ya Gavana Mkuu kutoka Delhi kwenda Karachi kuupokea utawala wa nchi mpya. Hakuiona tena Bombay wala jumba lake la Malabar, maana alifariki Karachi Septemba 1948. Wiki moja baada ya safari yake hiyo, mipaka ikawa ya dola mbili. Watu mamilioni walihama, na waliokuwa na uwezo walihama kwa ndege. Wahindu wa Sindh waliondoka Karachi, wengi wakaishia katika kambi iliyokuwa ya wanajeshi karibu na Kalyan, nje ya Bombay, ambayo sasa ni mji wa Ulhasnagar. Wamemoni na Wakhoja wengi wa Bombay na Gujarat walikwenda Karachi. Shirika la Orient Airways, lililoanzishwa Calcutta mwaka 1946, nalo lilihamisha makao yake Karachi, na mwaka 1955 likaingizwa ndani ya shirika jipya la Pakistan, PIA.

Mstari wa mpaka haukuikata safari mara moja, bali uliibana kidogo kidogo. Mwaka 1948 vikaja vibali vya kuingilia. Mwaka 1952 vikaja pasipoti na viza. Lakini ndege ziliendelea, na familia ziliendelea kutembeleana kwa arusi na misiba. Katika miaka hiyo hata abiria wa Nairobi aliweza kushuka katika miji yote miwili kwenye njia moja, kwa kuwa East African Airways ilitua Karachi na Bombay. Binafsi naiona miaka hiyo, kati ya 1947 na 1965, kuwa kipindi kinachosahaulika mno. Tumezoea kusikia kwamba ugawaji wa India ulizitenga nchi hizi mbili kwa siku moja. Ratiba za ndege zinaonyesha kwamba kutengana kwenyewe kulichukua miaka kumi na minane.

Vita vya Septemba 1965 ndivyo vilivyofunga mlango. Baada ya mapatano ya Tashkent, mwaka 1966, anga lilifunguliwa kwa ndege za kupita juu. Kisha, tarehe 30 Januari 1971, vijana wawili waliiteka ndege ya Indian Airlines iliyotoka Srinagar kwenda Jammu, wakailazimisha kutua Lahore. Abiria waliachiliwa, lakini ndege ikateketezwa. India ikapiga marufuku ndege zote za Pakistan kupita katika anga lake. Pakistan wakati huo ilikuwa na pande mbili, na kati yake palilala India yote. Ndege ya Karachi kwenda Dhaka ikabidi izunguke rasi nzima ya India na kutua Colombo kutia mafuta, mwendo zaidi ya maradufu ya ule wa awali. Pakistan ikapeleka malalamiko kwa baraza la shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. India ikapinga, ikidai kwamba baraza halina mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo, na mwaka 1972 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba linayo. Uamuzi ulipotoka, Desemba 1971 ilikuwa imeshapita, vita vilikuwa vimepiganwa, na Dhaka ilikuwa mji mkuu wa Bangladesh.

Ndege za moja kwa moja zilirudi katikati ya mwaka 1976. Kwa robo karne iliyofuata, pamoja na mivutano yake, Karachi na Bombay zilikuwa tena mwendo wa saa moja na nusu. Ndani ya kipindi hicho, tarehe 15 Oktoba 1982, Tata aliirudia safari yake. Alikuwa na umri wa miaka 78, na miaka minne kabla serikali ilikuwa imemwondoa kwenye uenyekiti wa Air India. Aliruka kutoka Karachi kwa ndege ndogo ya zamani aina ya Leopard Moth, akatua Ahmedabad, kisha Juhu, kama alivyofanya akiwa na miaka 28. Ili mzee yule afike Karachi na kuruka kutoka hapo, ilibidi serikali mbili zikubali, nazo zilikubali. Oktoba 2021 rubani kijana wa Mumbai, Aarohi Pandit, alifanya safari ya kuikumbuka ile ya 1932. Yeye alianzia Bhuj, katika Kutch, upande wa India wa Rann.

Baada ya shambulio dhidi ya Bunge la India Desemba 2001, anga lilifungwa tena tangu tarehe 1 Januari 2002, na kufunguliwa Januari 2004. Mwaka 2006 hata treni ya jangwani ilirudishwa, ikavuka mpaka kati ya Khokhrapar na Munabao baada ya miaka 41. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba mambo yanarudi. Kisha, tarehe 26 Novemba 2008, vijana kumi waliotoka Karachi kwa njia ya bahari waliingia Mumbai na kuua watu 166. Njia ile ya majahazi na meli ikageuzwa kuwa njia ya mauaji. Uhusiano wa miji hii miwili haujapona tangu siku ile, na anayeulilia, kama ninavyoulilia mimi, hana budi kuanza kwa kuwalilia waliokufa katika hoteli, katika stesheni na barabarani.

PIA iliendelea na safari chache kwa wiki hadi Mei 2017, ilipoziacha. Februari 2019, baada ya ndege za kivita za nchi hizo mbili kushambuliana, Pakistan ilifunga anga lake kwa karibu miezi mitano. Agosti mwaka huo treni ya jangwani nayo ikasimama. Aprili 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir, na ndani ya siku nane kila nchi ikawa imepiga marufuku ndege za mwenzake kupita angani mwake. Tangu hapo makatazo hayo yamekuwa yakirefushwa mwezi kwa mwezi. Ndege za nchi nyingine zinaendelea kupita. Ni za Wahindi na Wapakistani tu zinazozunguka, na Air India, shirika lililotokana na barua za Karachi, sasa haliruhusiwi hata kupita juu ya Karachi.

Kuna saa nyingine ambazo kipimo cha ndege hakizihesabu. Ubalozi mdogo wa India mjini Karachi ulifungwa mwaka 1994. Tangu wakati huo, mtu wa Karachi mwenye dada yake Mumbai alilazimika kupeleka maombi ya viza Islamabad, ambako ni mbali zaidi ya Mumbai. Viza ilitolewa kwa mji uliotajwa, si kwa nchi, na wageni wengi walitakiwa kuripoti polisi wakifika na wakiondoka. Aliyetaka kuona shangazi Ahmedabad na mjomba Mumbai aliandika miji yote miwili kwenye fomu na kungoja ajue amepewa upi. Kungoja huko kulikwenda kwa miezi, na wengi hawakujibiwa kabisa.

Kwa hiyo wanaomudu wameacha kuomba. Wanakodi ukumbi Dubai na kufanya arusi huko, upande wa bwana harusi ukitua kutoka Karachi baada ya saa mbili na upande wa bibi harusi ukitua kutoka Mumbai baada ya saa tatu. Wasiomudu wanaonana kwenye simu.